Marumaru ya Bwana Fimbo

Jembe, mchimba makaburi wa wilaya, aliianza kazi hiyo siku aliyomzika mama yake. Alichimba peke yake. Nani angethubutu kumsaidia, na marehemu alikuwa amegombana na Bwana Fimbo?

Bwana Fimbo alikuwa mkuu wa wilaya miaka ile, na jina hilo hakupewa bure. Aliyataka mashamba yote ya kando ya mto, na waliobisha walikiona cha mtema kuni. Mama yake Jembe alibisha. Askari wakamvunja mkono wa kushoto, ukaunga kombo, akaishia kulima vibarua kwa mkono mmoja hadi akafa. Bwana Fimbo naye akafa, kwa shibe, kitandani kwake, akazikwa makaburi yaleyale ya mtoni. Kifo hakikuchagulii jirani.

Kisha mto ukaanza kuhama. Kila mvua ulimega ukingo, ukasogelea makaburi. Ofisi ikatoa amri: mabaki ya Bwana Fimbo yahamishiwe kilimani, mbele ya ofisi, yajengewe marumaru.

"Na wengine je, mheshimiwa?" Jembe aliuliza.

"Wengine wasubiri," karani alijibu.

Wasubiri! Maiti wasubiri, na mto nao usubiri! Lo, serikali!

Siku ya kufukua, mvua ilinyesha kama iliyotumwa. Wakubwa walijifungia garini, vioo juu. Jembe akabaki nyuma ya turubai na sanduku tupu. Akalitazama kaburi la mama yake: ufa ulikuwa umeshafika kichwani. Hakufikiri mara mbili. Alimfukua mama yake, akampanga sandukuni, mkono uliopinda kifuani, akagongelea misumari. Akamwacha Bwana Fimbo palepale, na wiki haikuisha mto ukamchukua.

Ah, raha aliyoipata mtoto wa watu! Kila asubuhi alifagia ile marumaru akinong'ona, "Umeamkaje, mama?" Askari wakipita walipiga saluti, na Jembe akauma midomo asicheke. Mwanamke waliyemfukuza shambani, leo wanampigia saluti! Hakumwambia mtu, hata mkewe, maana mdomo wa mkewe haukuwa na mlango.

Ila hakuna marefu yasiyo na ncha. Serikali ikabadilika. Mkuu mpya alikuwa kijana wa maneno matamu, na alijua watu wanataka kusikia nini. "Yule mnyama alale kwenye marumaru, na nyinyi mlale na makovu? Atupwe mtoni!" Watu wakafurika kilimani, wengi wao wenye viungo vilivyovunjwa na askari wale wale. Nyundo zikapasua marumaru. Halafu wakamwita nani? Jembe.

"Wewe ndiye uliyemleta, baba. Mtoe."

Jembe akashuka shimoni, akalifungua sanduku. "Jamani, huyu siye. Huyu ni mama yangu."

Walicheka hadi wakashika mbavu. "Leo Bwana Fimbo kawa mama!"

"Niliwabadilisha mimi! Tazameni mkono huu, wazee wangu. Si ndio ule waliouvunja?"

Akauinua mfupa. Kicheko kikapungua. Bibi mmoja, jirani yao wa zamani kule mashambani, akasogea, akauangalia sana. Jembe akaona machoni mwake kwamba ameutambua, na moyo ukamrudi.

"Shangazi, waambie. Mlilima pamoja."

Lakini bibi huyo alikuwa amezika wanawe wawili kwa sababu ya Bwana Fimbo, na siku hii ndiyo iliyomweka hai. Kama mifupa hii siyo yake, basi iko wapi ya kulipia? Alimtazama Jembe, akautemea mate ule mfupa.

"Kumbe alikuwa na mkono mbovu," alisema kwa sauti, "na bado alituchapa vile."

Umati ukalipuka kwa vigelegele. Wakambebesha Jembe sanduku, wakamsukuma mpaka mtoni, palepale alipomwacha Bwana Fimbo. "Tupa! Tupa!" Jembe alijua asipotupa yeye watatupa wao, huku wakimpiga mateke mama yake. Akaingia majini hadi kiunoni, akalishusha sanduku taratibu. Watu wakamzomea kwa upole wake huo.

Kesho yake alipanda kilimani na ufagio, kwa mazoea tu. Karani alimwita dirishani, akamwambia alifukie lile shimo kabla mgeni wa mkuu hajafika.