Walivyomwita Mama Mkwe Mtu wa Mumiani

Karani yule wa boma sikumwamini tangu siku ya kwanza. Mtu anayecheka kabla hujamaliza salamu ana jambo lake.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami nimeolewa juzijuzi upande wa Matai. Asubuhi moja tulikuta vigingi vimepigwa katikati ya shamba la mama mkwe, juu ya ntumba, yale matuta ya majani yaliyofukiwa tuliyoyainua wenyewe kwa ajili ya maharage. Shamba hilo ndilo lililotulisha, na hakuna aliyetuambia kitu.

Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alipokuja kufanya baraza, mama mkwe akasimama. Kiswahili hakujua. Akauliza kwa Kifipa, wazi kabisa, nani kapiga vigingi na shamba anapewa nani. Karani akatafsiri kwa Kiswahili: "Bwana, mama huyu anasema vigingi vimewekwa na mumiani, wale wanaonyonya watu damu."

Mzungu akacheka mpaka machozi. Nikainuka. "Hakusema hivyo! Ameuliza shamba anapewa nani!"

Karani akatikisa kichwa, eti anatuhurumia. "Hata mkwewe, bwana. Ugonjwa ni wa nyumba nzima."

Baraza likaangua kicheko. Mama mkwe akaniuliza, "Mwanangu, wanacheka nini?" Nilipomweleza alikaa chini polepole.

Tangu hapo kila aliyegusia vigingi aliambiwa, "Kumbe nawe una mumiani?" Wenye akili zao wakanyamaza wasichekwe. Halafu yakaja maajabu: neno lililoanza kama dhihaka likawaingia watu kweli. Wanawake wakaacha kupita njia ya bondeni, iendayo shambani kwetu. Shemeji yake karani akaja na maksai, akalima shamba letu mchana kweupe, na hapakuwa na mtu wa kusogea kumtazama. Kama karani alipanga yote tangu mwanzo, ushahidi sina. Nashuku, na nitashuku mpaka nife.

Njaa ilipotubana, jirani yetu mmoja alituletea kikapu cha ulezi. Alikuwa mwema, sina neno naye. Alimshika mama mkwe mkono, akatazama huku na huku, akanong'ona:

"Mshukuru Mungu, dada. Wangeweza kuchukua damu. Wamechukua shamba tu."