Alama ya Mama Mdogo

Enzi zetu pale Burnsville, Marekani, sisi watoto wa Waswahili tulikuwa wachache hivi kwamba tukisikia mtu kaamkia "shikamoo" dukani, tulimfuata mpaka kwenye gari lake. Tulikaa nyumba za kupanga karibu na barabara kuu, watoto wa kila taifa jengo moja. Wakati wa baridi tuliteleza kilimani juu ya vifuniko vya mapipa ya taka, mifuko ya plastiki ndani ya viatu, na tukiingia ndani vidole viliuma mpaka tukalia. Jumamosi nyumba yetu ilinukia mahamri na mbaazi za nazi. Nazi yenyewe ilikuwa ya mkebe, na mama mdogo aliisema vibaya tangu anaufungua mkebe mpaka tunaosha vyombo.

Mama mdogo Zaina ndiye aliyenilea. Alikuja Minnesota kusoma, kisha akanichukua kabla sijaanza shule, kwa sababu mama yangu, dada yake mkubwa, alibaki Mombasa kumuuguza bibi. Alinisuka nywele, alinifundisha kusali, alinichapa inapobidi. Lakini hakuna siku aliyokubali kuitwa mama kavukavu, bila hilo "mdogo". Mtu akikosea, alimsahihisha papo hapo.

Mwaka mmoja, theluji ikianza kuyeyuka, shule yetu iliwaalika akina mama. Kila mtoto angekaa na mama yake meza moja, wale keki, kisha mtoto amtambulishe mbele ya darasa. Nilikuja nyumbani mbiombio. Mama mdogo alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia haendi.

"Mamako yu hai, Mombasa," alisema. "Mimi nikakae kwenye kiti chake? Kwani nimemzika?"

Nilimwambia kwamba mwalimu hatajali. Akasema mwalimu hajali, ila yeye anajali. Nikanuna siku nzima, maana nilishaiona ile meza, wenzangu wote na mama zao, na mimi na kiti kitupu.

Chini yetu alikaa Bi Haruko, mjane wa Kijapani. Sisi hatukulelewa kumwita mtu mzima kwa jina tupu, basi tulimpa hilo "Bi" naye akalipokea. Jumamosi mchana alitukusanya watoto wa jengo akatufundisha kuandika kwa brashi na wino juu ya magazeti ya zamani. Sharti lake lilikuwa moja: brashi ikishapita, hairudi. Ukiharibu, chukua gazeti jingine. Tulimaliza magazeti ya jengo zima, na nguo zetu zikawa na madoa ambayo hakuna sabuni iliyoyaweza.

Jumamosi ile alituambia kila mtu aandike mtu mmoja wa nyumbani kwake. Nilimwomba anionyeshe mama. Akaandika 母, akaeleza kwamba zile nukta mbili ni matiti, wavulana wakacheka, naye akawaacha wacheke mpaka wachoke. Mimi sikuinua brashi. Nilimwambia kwamba huyu wangu ni mama, lakini si aliyenizaa, ni ndugu yake.

"Ni mkubwa au mdogo wa mama yako?" aliniuliza.

Sijui niwaeleze vipi. Katika nchi hii hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Kwa walimu, kwa daktari, dada wa mama, dada wa baba na mke wa mjomba wote walikuwa neno moja. Nikajibu ni mdogo.

Bi Haruko akaandika alama mbili, moja chini ya nyingine: 叔母. Ya juu ilisema ni mdogo. Ya chini ilikuwa mama, ileile na nukta zake. Angekuwa mkubwa, alisema, ya juu ingebadilika, lakini ya chini ingebaki palepale.

Niliharibu magazeti mengi kabla ya kupata moja la kuonyesha watu. Nikalipeleka juu, wino haujakauka. Mama mdogo alikuwa anakunja nguo. Nilimweleza alama ya juu, kisha ya chini. Akakaa kitandani, gazeti mapajani.

"Kumbe Wajapani nao wana mama mdogo," alisema. "Basi 'takuja. Lakini mwalimu umwambie vizuri mimi n'nani, asije akaniandika vyengine."

Akaja, buibui chini ya koti la baridi. Nilisimama nikamtambulisha kwa Kiingereza, neno kwa neno, kuwa ni mama yangu mdogo, na mwalimu akamtazama mwanamke yule mrefu mwenye mwili wake, asielewe. Mama mdogo alitabasamu, akala keki mbili.

Watoto wa siku hizi Kijapani wamekipata kwenye katuni. Wanajua maneno yote ya kupigana, lakini hawajui hata moja la kuamkia. Na kila mwanamke kwao ni anti: jirani anti, muuza viatu anti. Mdogo wangu Rukia, aliyekuja huku ukubwani, anakaa Savage, mji wa jirani, na watoto wake watatu. Mimi Mungu hakunijaalia kuzaa. Nikibisha hodi wananirukia shingoni, "Anti, anti," nami nafurahi, wananipenda, sina la kuwalaumu. Lakini moyoni huniuma. Mimi ni mkubwa wa mama yao. Enzi zetu, watoto wale wangeniita mama.