Dawa Iliyomwagika Horini

Mwanangu, ipo asubuhi moja ambayo haijanitoka moyoni. Ilikuwa miaka ile gesi ilipogunduliwa baharini kwetu, mji wetu wa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, ukajaa magari na watu tusiowajua. Nilikuwa kijana, nina nguvu za kushinda matopeni kutwa. Sisi wanawake tulikuwa na hori letu, mkono wa bahari uliopenya kwenye mikoko. Humo tulichokoa chaza na kukamata kaa, tukala, tukauza.

Asubuhi hiyo lori lilipinduka pale barabara inapolivuka hori. Lilibeba mapipa ya dawa ya kuzuia kutu kwenye mabomba ya chuma. Baadhi yalipasuka, dawa ikateremka majini. Maji yalipokupwa tukakuta kaa wamekufa, na harufu inayowasha pua.

Aliyeletwa kupima alikuwa Zainabu, binti wa mama yangu mdogo, Somoe. Alisomea mambo ya maji na kemikali katika mji wa Pemba, huku huku Msumbiji, akaajiriwa na kampuni iliyosafirisha mapipa yale. Alichota maji, akachota tope, akachukua na chaza, vyote akavipeleka maabara Maputo. Majibu yangechelewa. Shefe wake, yaani mkubwa wake wa kazi, akamwagiza atuambie kwamba hakuna ushahidi wa madhara kwa binadamu.

Tulikusanyika uwanjani kumsikiliza. Alianza na maneno ya shefe, nusu Kireno, mpaka mama yake mwenyewe akamkatiza.

"Mwanangu, hayo hatukuyaelewa. Tule, tusile?"

Zainabu alisokota ncha ya mtandio wake.

"Karatasi ya dawa hii inasema inaua samaki na kaa, na inaunguza ngozi na macho," alisema. "Lakini mtu akila chaza waliokaa ndani yake, siku baada ya siku, atapata nini? Hilo hawajaliandika, kwa sababu hakuna aliyepima. Sijui, mama. Na kwa kuwa sijui, naomba msile."

Wiki haikuisha, akafukuzwa kazi. Nasi maneno yale hayakutushibisha. Tulikula muhogo mkavu, na wengine wakamsema kwamba amewanyima watoto wao kitoweo kwa jambo asilolijua. Mama mdogo aliona haya kwenda kuomba kwa majirani waliokuwa wakimsengenya mwanawe. Akawa anakwenda horini peke yake alfajiri kuchokoa chaza wa kula, anarudi kabla hatujaamka. Tulikuja kujua pale miguu ilipoanza kumtoka vidonda.

Majibu yalipofika kutoka Maputo, yalisema dawa bado imo topeni na ndani ya chaza, watu wasiwaguse. Mama mdogo alikuwa kitandani tayari. Hakufika masika. Hospitali walisema ni ini. Limeharibiwa na nini, hawakuweza kusema.

Siku ya mwisho ya matanga Zainabu alikuja kukaa nami jikoni. Akaniuliza, "Dada, ni ile dawa?"

Yeye aliyesoma ndiye aliyeniuliza mimi. Mpaka leo hatujui, na kule kutojua kulimkondesha kuliko msiba wenyewe.

Basi, mwanangu, nawe unasoma. Kesho utapewa chupa upime maji ya watu. Usitafute neno la kuwapendeza wakubwa, wala la kuwatuliza wenye njaa. Sema unachokijua, na usichokijua usione haya kukitaja. Usiite kitu salama kwa sababu tu hakuna aliyekichunguza. Tena ukimwambia mtu asile, usiondoke. Kaa naye, umuulize leo atakula nini. Hilo hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza mama mdogo.

Mola akujaalie elimu yenye huruma, auhifadhi mwili wako na ulimi wako, na maji utakayoyapima yawanyweshe watu wako kwa heri. Amrehemu na Somoe. Amina.