Mgeni wa Siku ya Mwaka

Wali ukianza kushika chini ya sufuria, watu wa nyumbani kwangu hukimbilia kuzima jiko. Mimi husimama pale pale nikanusa. Harufu ile ya mchele unaobadilika rangi, kabla haujaungua, hunirudisha Hamriya, mtaa wa Muscat, kwenye jengo letu la zamani lenye maduka ya vitambaa chini na ngazi zilizokuwa na giza hata saa sita mchana. Hunirudisha kwenye mwaka ule ambao Bibi yangu nusura akose mgeni, nasi nusura tumkose yeye.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami nilikuwa na miaka tisa. Bibi Mize, mama yake mama, alikuwa mzaliwa wa Makunduchi, kusini ya Unguja. Baba ni Muomani ambaye wazee wake waliishi Unguja kabla ya kurejea, na sisi tulikuwa Muscat siku nyingi kwa ajili ya kazi yake serikalini. Bibi aliletwa baadaye, alipobaki peke yake kule kwao. Alifika na sanduku moja la nguo na maneno ya kutosha nyumba nzima, na neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa Mshirazi. Yeye ni Mshirazi, mama yake Mshirazi, na wazee wa wazee wake walitoka Uajemi na majahazi yao enzi hizo ambazo hakuna aliyekuwa akizikumbuka ila yeye.

Baba alikuwa hakosi neno. "Mama," humwambia, "Mshirazi gani asiyejua hata kuomba maji kwa Kiajemi?"

"Nimwombe nani, mkwe wangu? Kwetu maji tulikuwa nayo."

Kwa hiyo Bibi aliposikia kwamba ghorofa ya juu yetu wanakaa Waajemi, alijitia manukato. Mama wa nyumba ile alikuwa ni Bi Mahin, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu, mume wake akiuza lozi, pista na mazulia sokoni Matrah, na mtoto wao Kamran alikuwa rika langu na adui yangu wa kila siku katika mpira wa kwenye ngazi. Bi Mahin hakujua Kiswahili, Bibi alijua Kiarabu cha kusalia, basi mimi ndiye niliyekuwa nikiwapitishia maneno. Swali la kwanza la Bibi lilikuwa kama yeye ni wa Shirazi. Bi Mahin akasema hapana, kwao ni Bandar Abbas, na Shirazi amefika mara moja tu alipokuwa bi harusi. Bibi alinitazama kwa huruma ya kumhurumia mwenzake. Tukishuka ngazi akaniambia, "Masikini. Basi mimi Mshirazi kuliko yeye."

Mwezi wa tatu Bi Mahin alitualika. Alisema ni Nairuzi, mwaka mpya wa kwao. Bibi alilijua neno hilo tangu anazaliwa, na ndipo alipochanganyikiwa kweli, maana Nairuzi aliyoijua yeye, ile ambayo Makunduchi huitwa Mwaka Kogwa, huwa mwezi wa saba. "Hawa wamepotea hesabu," alisema akivaa buibui. Mimi nilikuja kusoma ukubwani kwamba hesabu ya kwetu ndiyo iliyokuwa ikitembea: watu wa pwani waliupa mwaka siku zake mia tatu sitini na tano wasiongeze ile moja ya kila mwaka wa nne, na Nairuzi ikawa inasogea kidogo kidogo, karne kwa karne, mpaka ikajikuta imetuama kwenye kipupwe. Nafurahi sikuyajua hayo siku ile. Ningeyasema, na Bibi angenifinya.

Nyumbani kwa Bi Mahin kulikuwa na kitambaa kimetandikwa, juu yake kioo, kitunguu saumu, siki, matofaa, ngano iliyochipua kwenye sahani, na samaki mdogo mwekundu akizunguka ndani ya bakuli la maji. Bibi aliyapitia yote kwa jicho la mtu anayekagua jiko la mwenziwe, kisha akaninong'oneza, "Na huyu samaki anakaangwa saa ngapi?"

Kisha kikaja chakula. Bi Mahin alipindua sufuria zima juu ya sinia, ukoko ukakaa juu, wa manjano kwa zafarani, unang'aa kwa samli. Akauvunja, akachagua kipande kikubwa kuliko vyote, akakiweka kwenye sahani ya Bibi kwa mikono miwili. Mimi nilimwona Bibi akikunja uso. Kwetu ukoko ni wa watoto, hukwangua sufuria uani baada ya wakubwa kwisha kula. Mgeni hapewi. Bibi aliumega, akautafuna kwa sauti iliyojaa chumba, akashukuru kwa adabu zote, na tulipofika kwetu akavua viatu na kusema, "Nimepewa makombo mbele ya mjukuu wangu." Tangu hapo akawa hapandi tena ngazi zile. Bi Mahin alikuwa akiniuliza habari zake, nami najibu kwamba magoti yanamsumbua.

Ukaja mwezi wa saba, na joto lile la Muscat ambalo mtu huliogopa hata kupitia dirishani. Bibi alihesabu siku zake kimya kimya, na asubuhi moja tulimkuta ameshaoga alfajiri, amevaa nguo mpya, na jikoni nazi zimeshakunwa. Ilikuwa siku ya mwaka. Alipika wali wa nazi, mchuzi wa nguru, kuku wa kukaanga, akafungua mlango wa mbele wazi na kukaa kwenye kiti akiutazama. Baridi ya kiyoyozi ikawa inatoka inakwenda kupoza ngazi, na Baba akawa anakwenda kuufunga, Bibi anaufungua.

Alichokuwa akingoja ni mgeni. Makunduchi siku hiyo kila nyumba lazima iwe na mtu wa nje aliyekuja kula, na Bibi aliamini kwa moyo wake wote kwamba nyumba iliyokosa mgeni siku ya mwaka itakuwa kavu mpaka mwaka mwingine. Kwao hakuwahi kukosa. Wageni wake walikuwa wakijaa mpaka barazani. Lakini Muscat mwezi wa saba nani amebaki? Binamu zetu walikwenda Salala, kusini ya nchi, kufuata manyunyu. Rafiki za Mama walikuwa Unguja. Wahindi wa ghorofa ya chini yetu walikuwa likizo kwao. Mama alishika simu tangu asubuhi, na kila aliyempigia simu ililia tu mpaka ikakatika.

Baba aliingiwa na huruma. Akavaa kanzu na kofia, akatoka nje, akabisha. "Hodi! Mgeni huku!"

Bibi hata hakugeuza shingo. "Mgeni gani anajua sukari iko wapi? Pita ukae."

Tulicheka, lakini yeye hakucheka. Adhuhuri ilipopita na wali umeanza kupoa, alimwita Mama akamwambia maneno ambayo mpaka leo nayasikia: "Mwanangu, asipokuja mtu leo, nnarudi kwetu. Miezi yote hii hapajabishwa hodi ya kuniulizia mimi. Mtu hakai mahali asipoulizwa." Hakuwa akitisha. Alisema taratibu, na ndiyo maana niliogopa. Nilikuwa nimeshazoea kulala na mkono wake mgongoni mwangu, na sikutaka kujua nyumba ile ingekuwaje bila yeye.

Mama akasema kwa uangalifu, "Yupo Bi Mahin juu."

"Yule aliyenipa ukoko?" Bibi akalitazama sinia. "Haya. Kamwite."

Nilipanda ngazi mbiombio, nikabisha, nikamwambia Bi Mahin kwamba leo ni mwaka mpya wa Bibi na anamwita kula. Alinishika shavu, macho yamemlegea, akasema hapana, ahsante sana, asijisumbue, wao wameshakula, wasije wakawa taabu kwa Bibi. Alisema kwa upole na tabasamu, akanipa pista mkononi, na mlango ukafungwa. Nilishuka nikilia. Mtu mzima akisema hapana, mimi nilifundishwa, ni hapana.

"Amekataa," nikasema, na kilio kikazidi.

Bibi akanyanyuka kwenye kiti. "Amekataa vipi? Umemwambia mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mara moja!" Akamgeukia Mama. "Wewe mtoto huyu umemlea wapi? Mtu anaitwa mara moja? Mara moja ni salamu hiyo!" Akajifunga kanga kiunoni, magoti yale yale ya tangu mwezi wa tatu yakapanda ngazi, nami nyuma yake nikivuta kamasi.

Sijapata kuona tena mapambano kama yale. Bibi anasema karibu kwetu, Bi Mahin anaweka mkono kifuani na kusema asijisumbue. Bibi anamwambia chakula kinapoa, yeye anasema wataleta zahma. Bibi anasema bila yeye hatuli, yeye anasema yeye ni nani hata angojewe. Mimi katikati nafasiri, na baada ya muda nikaona hawanihitaji. Kila mmoja alikuwa akijua hasa mwenzake anasema nini na lini aseme tena. Mwisho Bibi alimshika mkono tu akaanza kushuka naye. Bi Mahin alimwita Kamran kwa nyuma, akafunga mlango, akaja. Hakwenda hata kubadilisha nguo.

Nilimwona Bibi akivuka naye kizingiti. Akavuta pumzi moja ndefu, kisha akawa mtu mwingine, anaamrisha, anapakua, anamjazia Bi Mahin sahani kabla haijawa tupu. Bi Mahin alimbusu mkono na kumwita Bibi bila kufundishwa na mtu. Mama akaona ajabu, Bi Mahin akatuambia kwao pia mwanamke mkubwa mwenye heshima huitwa hivyo hivyo.

Baada ya kula Bibi alitutaka mimi na Kamran tupigane. Makunduchi siku hiyo wanaume huchapana kwa vigogo vya migomba ili hasira za mwaka mzima zitoke. Sisi tulipewa magazeti ya Baba yaliyoviringishwa. Bi Mahin alishtuka akataka kutuachanisha. "Waache!" Bibi akasema. "Leo kila mwenye kinyongo akitoe." Nilimtandika Kamran kwa magoli yote aliyonidanganya, naye akanilipa vizuri.

Sasa Bibi, kwa kuwa ni mtu wa haki, akaona na yeye atoe chake. Akakaa sawasawa. "Mwambie: mwezi wa tatu nilikuja kwake mgeni, akanipa ukoko."

Nilitamani sakafu inimeze, lakini nilisema. Bi Mahin akafumbua mdomo. Akashika kichwa. Kisha maneno yakamtoka kwa kasi, Kiarabu na Kiajemi pamoja, na nilipoyakusanya yalikuwa haya: kwao ukoko ndio unaogombewa, mpishi hupimwa kwa huo, na kipande kikubwa hupewa mtu anayeheshimiwa kuliko wote waliopo.

Bibi akamtazama Bi Mahin, akanitazama mimi, akamtazama Baba aliyekuwa ameshajiziba mdomo kwa kofia. Akaanza kucheka polepole, mabega yakitikisika, mpaka akalazimika kufuta macho kwa ncha ya kanga. "Miezi minne," alisema, "miezi minne nna hasira na heshima yangu mwenyewe!"

Alasiri tulipanda juu ya paa, kwenye matangi ya maji na kamba za nguo. Kwao Bibi siku ya mwaka hujengwa kibanda cha makuti kikachomwa moto. Baba alisema kibanda hapana, polisi watakuja, kwa hiyo mimi na Kamran tulijenga nyumba ya viberiti na maboksi, tukaitia ndani ya chetezo cha ubani na kuiwasha. Bi Mahin alipouona moto akapiga makofi. Kwao, alisema, mwaka ukikaribia huwasha moto na kuuruka, ugonjwa ukabaki huko na mtu akatoka na nguvu. Kisha mama yule mnene akakusanya gauni lake, akarudi nyuma hatua kadhaa, akaruka chetezo kwa kishindo kilichotingisha sahani za satelaiti. Kamran akaruka, mimi nikaruka, Mama akaruka na kanga yake. Bibi naye, akishikwa mkono huku na huku, akainua mguu juu ya moshi na kuutua upande wa pili, akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika mpaka mtaa wa Wattaya. Sikumbuki siku nyingine ya utoto wangu niliyofurahi namna ile.

Habari ya kurudi kwao haikutajwa tena. Bibi aliishi na sisi mpaka alipofariki, na kila Machi, mtu wa kwanza kubisha mlangoni petu alikuwa Bi Mahin na sinia lake, na kila mwezi wa saba alikataa kama kawaida mpaka Bibi apande mwenyewe.

Kwa miaka nilijisifu kwamba mimi ndiye niliyemtafutia Bibi mgeni. Miaka ya elfu mbili, Bi Mahin alipokuwa akifunga mizigo kurudi Bandar Abbas, nilikwenda kumsaidia, nikamkumbusha. Alikuwa anakunja pazia, akaacha. Akaniambia kwao siku ya mwaka mpya, mdogo humwendea mkubwa wake, amwinamie na kumbusu mkono, ndipo mwaka uanze. Na yeye Muscat alikaa miaka na miaka hana mkubwa wa kumwendea. Siku ile Kamran alikuwa ameshamwambia asubuhi kwamba kwetu ni sikukuu. Nilipobisha mimi, alikuwa tayari amevaa gauni lake la Nairuzi. Akanikataa kama adabu inavyotaka, nami nikaondoka. Akasimama nyuma ya mlango, mtu mzima yule, ananisikiliza nashuka ngazi nalia, anaomba Mungu nitumwe mara ya pili.