Babu Kwenye Kona ya Daftari

Miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na kila mwenye ndugu Dar es Salaam akawa mfanyabiashara, mjomba wangu alileta deki ya video mtaani kwetu Utemini. Alipanga mabenchi sebuleni kwake, akaweka kiingilio, akaanza kutembea kama meneja wa benki. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri majibu, na benchi la mbele nilikaa bure.

Kabla ya filamu alionyesha katuni. Siku moja alisimamisha kanda ili amtoe mtu aliyeingia bila kulipa. Kwenye kioo paka akaganda, mguu juu. Mjomba alipobonyeza tena, mguu ulishuka kidogo, kisha kidogo tena. Nikaelewa pale pale kwamba hakuna paka anayekimbia. Kuna picha nyingi zilizosimama, kila moja imeizidi mwenzake kidogo, na jicho ndilo linalodanganywa. Nilifurahi kama niliyekamata mwizi.

Mwaka uliotangulia babu alikwenda Hija, akafia huko, akazikwa huko huko. Siku babu aliyosafiri, bibi alikuwa kijijini Ulemo anauguza dada yake, hawakuagana. Habari ilipokuja aliisikiliza kwa adabu, akakaa eda kama alivyoambiwa, ila hakuamini. Makubazi ya babu yaliendelea kukaa mlangoni, na aliyeyasogeza wakati wa kufagia alikaripiwa.

"Mwenyewe akirudi atavaa nini?" bibi aliuliza, bila chozi hata moja. Alikuwa anangoja, na sisi tulichoka kumtazama akingoja.

Nikaamua kumrudisha babu. Nilichukua daftari jipya, na kwenye kona ya kila ukurasa nikamchora: kwanza kitone getini, halafu kofia, kanzu, fimbo, akija, akikua, mpaka ukurasa wa mwisho amefika mlangoni. Nilijua kuchora mtu kungeleta maneno ya dini nyumbani, kwa hiyo sikumwambia yeyote. Kazi ilinichukua wiki tatu, na ilikuwa nzuri. Sioni sababu ya kujifanya mnyenyekevu.

Nilimkuta bibi uani anachambua mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umeleta nini?"

Nikamwonyesha jinsi ya kuachia kurasa kwa kidole gumba, nikampa daftari. Kitabu pekee alichokijua bibi kilikuwa juzuu, na juzuu huanzia upande ambao shuleni tunauita mwisho. Akaanzia huko.

Kabla sijamzuia, babu alikuwa tayari anarudi kinyumenyume. Aliuacha mlango, akavuka ua, uso wake umetuelekea muda wote, akapungua, akawa kitone getini. Kurasa zikaisha.

Bibi aliachia kurasa mara nyingine moja, vilevile, kutoka nyuma.

"Kaondoka huku ananitazama," alisema.

Akanyanyuka, akayafuta makubazi vumbi kwa upindo wa khanga, akanikabidhi. "Peleka msikitini. Hatakosekana mtu mwenye shida nayo."

Ningeweza kumwambia kwamba ameanzia mwisho, kwamba mimi nilimchora babu akirudi. Nilishafungua hata mdomo. Nikayapokea makubazi, nikatoka, na kabla sijafika getini nikamsikia analia, kwa mara ya kwanza tangu habari ije.