Mikono ya Bomba Mfukoni mwa Kasiani

Saa mbili asubuhi. Kasiani Mnali, fundi wa maji, amechuchumaa mbele ya bomba la mtaa wa Rahaleo, spana mkononi. Analifunga bomba, kisha anaanza kung'oa mkono wake wa kufungulia. Nyuma yake ndoo zimepangwa foleni, na wenye ndoo wamenuna.

"Jana hukutupa maji, leo unachukua na bomba?" anafoka Bi Mastura, muuza maandazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Haya, shikamoo yako imejaza ndoo ipi?"

Kasiani anacheka. Katika mfuko wake wa turubai imo mikono ya mabomba ya mitaa ya Chikongola na Likombe. Akipanda baiskeli, mikono hiyo inalia kama njuga.

Bomba kuu la mji lilipasuka juzi, mvua ilipokula udongo chini yake. Mafundi wenzake wamelifunga kwa mpira na vyuma, na sasa linaweza kupitisha maji kidogo tu. Hayo kidogo lazima yapande hadi tangi la hospitali leo. Tangi limebaki tope, na wodi ya wazazi haina maji ya kuwaogeshea watoto wachanga.

Kikwazo ni mazoea yetu. Maji yakikatika, tunaacha bomba wazi na ndoo chini yake, ili yakirudi tuyasikie. Koki za kufungia mitaa zimeganda kwa kutu, kwa hiyo Kasiani anafunga bomba moja moja.

"Jana tulifungulia maji bila kupita mitaani kufunga mabomba," anasema. "Chikongola watoto walioga barabarani. Hospitali haikupata tone."

Kasiani ana miaka arobaini na moja. Alianza kazi kwa kuchimba mitaro. Kwao ni Newala, juu, ambako mama yake alishuka bondeni na kupanda tena kwa ajili ya mtungi mmoja wa maji.

"Nikiona maji yanamwagika, namwona mama," anasema.

Nyumbani kwake ni Likombe. Huko ndiko alikong'oa kwanza. "Nimeolewa na fundi wa maji, nachota kisimani," mkewe, Yustina, huwaambia majirani.

Bi Mastura amesikia habari ya wodi. Anavuta kigoda, anakaa mbele ya bomba. "Mkono wangu niachie. Atakayeligusa bomba hili atanijua."

Kasiani anamtazama kidogo, kisha anaurudisha mkono wa bomba mahali pake.

Saa kumi jioni, hospitalini, muuguzi Esta anagonga tangi kwa kiganja. Chini halina mwangwi tena. Anagonga juu zaidi. Limejaa.

Kasiani anarudi Rahaleo. Bi Mastura bado yuko kigodani, na ndoo yake ni kavu.

"Fungua, bibi."

Maji yanakohoa, yanatoka mekundu, kisha meupe. Kasiani ameomba koki mpya, ili siku nyingine afunge mtaa mzima kwa kuzungusha mara moja. Anasema hatachoka kuomba. Sasa anaelekea Chikongola na mfuko wake, kurudisha mikono ya mabomba. Likombe itakuwa ya mwisho.

"Mkeo je?" Bi Mastura anamwuliza.

"Nikianza na kwangu, bibi, kesho nani ataniachia bomba lake?"