Bunju wa Uyole

Sebule ya baba mdogo ilinuka bahari, ila mimi sikujua, kwa sababu bahari nilikuwa sijawahi kuiona. Nilidhani ni dagaa waliolowekwa. Nilikuwa darasa la nne, likizo ya Juni, nimetoka kwetu Ipogolo kuja Uyole, ambako asubuhi mdomo unatoa moshi kama lori linalopanda mlima. Mama mdogo alicheka, akanivuta hadi kwenye kona. Hapo palikuwa na tangi la kioo refu kama kabati la vyombo, kipasha maji kinawaka taa nyekundu, pampu inanguruma, na samaki watano wa baharini wanaogelea kwenye joto lao wakati sisi tumevaa masweta. Baba mdogo alifanya kazi Tanga miaka mingi. Wengine hurudi na makochi, yeye alirudi na hao.

Wanne walikuwa wazuri tu. Wa tano alikuwa bunju, mnene, mwenye macho yanayozunguka kila moja upande wake, na uso wa mtu anayetaka kujua umebeba nini. Ukipita na kikombe, anakufuata. Ukikimbiza kidole kwenye kioo, naye mbio, mkia unatikisika! Nikivaa sweta jekundu alilikodolea macho. Nikivaa la bluu alijificha nyuma ya jiwe, kisha akachungulia. Na ukimcheleweshea chakula, alipanda juu akakutemea maji. Siku moja alimlowesha Mama Tumpe, jirani yetu, kitambaa chote cha kichwa.

"Ee, huyu naye! Analiwa lini?"

"Haliwi, Mama Tumpe. Ana sumu," akasema baba mdogo.

"Ana sumu, anatema mate, na bado mnamlisha?"

Mimi nilikuwa mtoto wa kunyamaza. Mgeni akibisha hodi, nakimbilia jikoni. Lakini bunju nilimsimulia kila kitu, na daftari langu la kwanza la siri lilianza naye: "Leo kanitemea mara tatu."

Basi baba mdogo akaenda Rujewa wiki mbili kufuata mpunga, akaniachia kazi mimi. Mimi! "Walishe mara moja kwa siku. Maji yakipungua, ongeza." Maji yalipungua kweli, nikawaza: kilichopungua ni bahari, basi nirudishe bahari. Kila asubuhi nilichota chumvi ya bahari ya baba mdogo, ile ya kwenye ndoo, kikombe kizima, nikaikoroga kwenye maji, nikatia. Nilijiona fundi.

Siku ya sita bunju hakuja. Nilivaa sweta jekundu, nikachezesha kidole, nikaning'iniza kipande cha dagaa. Wapi! Alilala kwenye kona, mkia ameukunja, anahema.

"Mbona huyu kapoa?" mama mdogo akauliza.

"Labda baridi," nikasema, nikijua vizuri kwamba ndani ya tangi hakukuwa na baridi. Siku mbili nilibeba uongo ule. Bibi husema mficha maradhi kifo humuumbua. Ila hapa mficha maradhi ni mimi, na wa kufa ni bunju. Hilo ndilo lililoniinua nikaomba simu, mimi ambaye kwenye simu sikuwahi kuvuka shikamoo.

"Shikamoo baba mdogo. Bunju anakufa na ni mimi."

Nyuma yake mashine ya kukoboa ilikuwa inaunguruma. "Marahaba. Umefanya nini, mwanangu?"

Nikamwambia yote, hadi kikombe.

"Alaa! Maji ndiyo yanayopanda hewani, chumvi inabaki palepale. Umewapikia mchuzi! Kosa langu, sikukueleza. Punguza hayo kidogo kidogo, utie maji matupu ya uvuguvugu, asubuhi na jioni. Usiwashtue."

Siku tatu nilikaa mbele ya kioo nimejifunika blanketi. Ya nne, jicho moja likageuka. Nikainama kuchota maji, na pu! Usoni! Nilipiga kelele hadi Mama Tumpe akaja mbio akidhani nyumba inaungua.

Sasa niko kidato cha tatu. Bunju alizeeka akafa, na kwenye tangi lile mama mdogo anaotesha miche ya nyanya. Mimi bado ni yule yule wa kukimbilia jikoni. Juzi mwalimu wa kemia alichemsha maji ya chumvi, akauliza maji yakiisha chumvi inakwenda wapi. Kila mtu akamtegea mwenzake. Niliinua mkono nusu, mwalimu hakuniona. Nikamkumbuka bunju, ambaye hakuwahi kungoja aonekane. Nikauinua wote.